Maonyo ya kompaila yamalizwe aina kwa aina

Programu iliyoandikwa miaka 20 iliyopita na kupita mikononi mwa watu wengi, ukiijenga leo kwa kompaila mpya, hutoa maonyo kwa mamia. Kwa kuwa inajengeka na kazi inafanya, watu huyapita tu. Basi onyo linalohusu kosa lililoandikwa asubuhi hii huzama katikati ya yale ya zamani, na hakuna wa kuliona.

Wapo wanaoyazima yote. Wapo pia wanaojitosa kuyafuta yote kwa mkupuo mmoja, na hao ndio wanaonitia hofu zaidi, kwani mtu aliyechoka hurekebisha mstari ili kelele ziishe tu, kabla hajaelewa. Mwaka 2006, katika mfumo wa Debian, mistari miwili ya OpenSSL, maktaba ya usimbaji, iliondolewa kwa sababu Valgrind, chombo cha kukagua matumizi ya kumbukumbu, ilikuwa ikiilalamikia. Mmoja ulikuwa ndio unaochanganya data za kubahatisha ambazo funguo za siri hutengenezwa kwazo. Kilichobaki cha kubahatisha kikawa namba ya mchakato tu, isiyozidi 32,768, kiasi kwamba mshambuliaji aliweza kukokotoa funguo zote mapema. Kosa hilo lilitangazwa Mei 2008.

Kazi iliyofanywa vizuri naiona kwenye kerneli ya Linux. Katika C, tawi la switch lisilofungwa kwa break huendelea moja kwa moja hadi tawi linalofuata. Pengine mwandishi amekusudia hivyo, pengine amesahau. Kompaila ya GCC 7, ya mwaka 2017, ilileta onyo la -Wimplicit-fallthrough. Watunzaji wa kerneli wakapita faili kwa faili wakiuliza swali hilohilo: palipokusudiwa pakawekwa alama, palipokosewa pakaongezwa break. Toleo la 5.3 la mwaka 2019 likawasha onyo hilo kwa kerneli nzima.

Nawe yahesabu maonyo yako kwa aina zake. Anza na vigeu vinavyosomwa kabla ya kupewa thamani na printf zenye aina ya data isiyolingana. Vigeu visivyotumika vinaweza kusubiri. Aina moja ikiisha, ifungie njia isirudi, kwa mfano kwa -Werror=format, inayogeuza onyo la aina hiyo kuwa kosa linalosimamisha ujenzi.

Lakini usiwawashie watumiaji wote -Werror tupu, isiyotaja aina. Kompaila mpya huja na maonyo mapya, na programu iliyojengeka jana itagoma leo bila mstari wake hata mmoja kuguswa. Septemba 2021 Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliiwasha kwa kila ujenzi wa kerneli. Mwezi huohuo ikarudishwa kwenye ujenzi wa majaribio, na kwingine ikabaki hiari.

Ukilazimika kunyamazisha onyo, linyamazishe kwenye mstari huohuo tu, na sababu iandikwe pembeni yake. Vichwa vya maktaba za watu wengine viingize kwa -isystem, ili orodha ibaki na maonyo ya msimbo ambao wewe mwenyewe unaweza kuurekebisha.