Waya wa klachi ukikatika na mzigo wa mteja uko nyuma

Umetoka Mwaloni Kirumba na dagaa wa oda, basi la Dar halisubiri Nyegezi, klachi inakatika. Usikate tamaa. Mimi nafanya hivi:

✅ Kupandisha gia: bonyeza pedeli kidogo, achia mafuta mara moja. Gia ikiingia, rudisha mafuta taratibu. Ukiachia mafuta, meno ya gia yanalegea, ndo maana inaingia bila klachi.

✅ Kushusha: punguza mwendo kwanza, shusha moja moja.

✅ Kusimama: weka nyutro kabla hujasimama. Kuondoka, tafuta mteremko, pikipiki ikianza kutembea weka namba moja.

⚠️ Ni ya dharura tu. Ukilazimisha unaua giaboksi, na matengenezo yake yanakula faida ya oda nyingi. Mlima wa Bugando na foleni, kwepa.

Waya wa akiba ukae chini ya siti!