Mguu Mpana Hauna Kosa

Mama mpenzi, leo jioni kazi zikiisha, nawa miguu yako kisha uitazame vizuri. Je, kidole kidogo kina sugu? Je, ukucha wa kidole gumba umekuwa mweusi? Je, kisigino kimechubuka? Kama ndivyo, usiulaumu mguu. Huenda kiatu si chako.

Bariadi na mkoa mzima wa Simiyu ni nchi ya kutembea. Mama huenda shamba la pamba, kisimani, mnadani, zahanati na kanisani, mara nyingi kwa miguu. Kiangazi njia ina joto na miiba. Wakati wa mvua udongo mweusi wa mbuga hunata kama gundi. Hata hivyo, fedha ya pamba inapoingia, viatu vya watoto wa shule na vya baba hununuliwa kwanza, naye mama hubaki na kandambili zilizokatika. Kiatu cha mama si anasa. Mama akiumia mguu, nyumba nzima huchechemea.

Kwa nini mguu hutanuka?

Aliyekua akitembea pekupeku kwa kawaida ana mguu mpana wenye vidole vilivyoachana. Huo ni mguu wenye nguvu. Mimba nayo huongeza uzito na kulegeza mishipa inayoshika mifupa, hivyo akina mama wengine miguu yao hutanuka na kurefuka, na baada ya kujifungua hairudi ilivyokuwa. Usishangae basi kama namba uliyovaa siku ya harusi haikutoshi tena.

Namna ya kuchagua

1. Nunua alasiri. Mguu huvimba kadiri siku inavyoendelea. Kiatu kinachotosha asubuhi kinaweza kubana jioni.

2. Simama juu ya karatasi, mtu mwingine achore miguu yote miwili. Aghalabu mmoja ni mkubwa kuliko mwenzake. Chagua kwa kufuata ule mkubwa, na nenda na karatasi hiyo sokoni.

3. Kama soli ya ndani inatoka, itoe, uiweke chini na kuikanyaga. Vidole vikimwagika pembeni, kiatu hicho ni chembamba. Mwenye duka akikuambia "kitatanuka", usikubali haraka.

4. Acha nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono mbele ya kidole kirefu kuliko vyote. Kisigino kisipande na kushuka unapotembea.

5. Usikimbilie namba kubwa ili kupata upana, maana mguu utateleza ndani na kuchubuka. Jaribu kwanza viatu vya kiume vya urefu ule ule. Kwa kawaida ni vipana zaidi, na shambani hakuna atakayeuliza.

Kiatu kinachopumua

Ngozi halisi na turubai hupitisha hewa. Plastiki na mpira hufungia jasho, na mguu unaokaa na jasho huota fangasi kati ya vidole. Gambuti ni nzuri kwenye tope, lakini ivue mara kazi inapokwisha. Katambuga hupitisha hewa vizuri, na fundi huzikata kwa kipimo cha mguu wako mwenyewe. Ila hazikingi vidole dhidi ya mwiba au jembe.

Kwenye mitumba huonekana buti za kupandia milima kutoka Ulaya. Zinafaa sana kwa safari ndefu, lakini chunguza mambo mawili. Zenye utando wa ndani wa kuzuia maji zina joto katika jua letu. Pia soli iliyokaa miaka mingi huoza ingawa buti laonekana jipya. Likunje na kuibonyeza soli kwa kidole. Ikipasuka au kumeguka, liache.

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Sisi tusikubali kidonda. Vaa kiatu kipya nyumbani kwa siku chache, saa moja moja, kabla ya safari. Kama kinabana juu ya mguu, legeza kamba sehemu hiyo kwa kuruka tundu moja. Kikilowa, kianike kivulini. Jua kali na moto hukausha ngozi hadi ikapasuka.

Usipuuze dalili hizi

Mwenye kisukari anaweza kupoteza hisia miguuni, akatembea na kijiwe kiatuni mchana kutwa bila kujua. Kidonda kidogo kisichotibiwa kimewafanya wengi wakatwe mguu. Kama wewe au mama mkwe wako ana ugonjwa huu, ingizeni mkono ndani ya kiatu kabla ya kuvaa, tazameni nyayo kila jioni, na kidonda chochote kipelekwe zahanati mapema.

Mjamzito naye huvimba miguu kidogo, na hilo ni la kawaida. Lakini uvimbe ukija ghafla usoni na mikononi, pamoja na kichwa kuuma sana au macho kuona ukungu, hiyo yaweza kuwa dalili ya kifafa cha mimba. Hapo si suala la viatu tena. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Msimu wa pamba ukifika, keti na baba watoto mpange matumizi pamoja. Andikeni ada, mbegu na chakula. Halafu, bila aibu, andikeni pia: viatu vya mama.