Takwimu za Jiji: Namna ya Kuzihifadhi na Kuzitumia kwa Pamoja

Tuchukue mfano wa Keko, kata ya Manispaa ya Temeke inayosifika kwa mafundi wake wa samani. Tukitaka kujua maji ya mvua yatapita wapi katika kata hiyo, hapana budi tujue mambo kadhaa kwa pamoja: mwinuko wa ardhi, mifereji, majengo na njia. Mambo hayo yakiwekwa kila moja katika jalada na ofisi yake, hakuna awezaye kuliona jambo zima. Hasara yake si ndogo: mafuriko ya Desemba 2011 yaliua zaidi ya watu 40 jijini Dar es Salaam.

Mwaka 2015 ulianza mradi wa Ramani Huria, na Tume ya Sayansi na Teknolojia ilikuwa miongoni mwa washirika wake. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Chuo Kikuu Ardhi, wakishirikiana na wakazi, walipita katika kata zinazokumbwa na mafuriko wakiandika majengo, njia na mifereji. Ndege zisizo na rubani zilipiga picha kutoka angani. Habari hizo ziliingizwa katika OpenStreetMap, ramani ya dunia iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo kila mtu aweza kuitumia bila malipo.

Wingi wa takwimu

Picha ya angani ni mkusanyiko wa nukta. Tuseme kila nukta ina upande wa sentimita 5. Mita moja ya mraba itakuwa na nukta 400, na kilomita moja ya mraba nukta milioni 400. Kila nukta huhitaji namba tatu za rangi, yaani namba bilioni 1.2 kwa jumla. Mzigo huo ni mzito mno kwa simu ya mkononi.

Dawa yake ni kuikata picha iwe vigae vya mraba, aghalabu vyenye nukta 256 kila upande. Kilomita yetu itatoa vigae zaidi ya 6,000. Lakini msomaji anayetazama mtaa mmoja hutumiwa vile tu vinavyoenea katika kioo chake.

Tabaka juu ya tabaka

Kila aina ya habari huwekwa katika tabaka lake. Tabaka la mifereji likilazwa juu ya lile la mwinuko, mahali ambapo maji yatatuama huonekana, mradi matabaka yote yatumie vipimo vilevile vya latitudo na longitudo.

Hata hivyo, ramani husema kweli ya siku ilipopimwa. Mfereji uliokuwa wazi mwaka jana huenda leo umejaa taka, na mkazi wa mtaa ndiye ajuaye. Kwa hiyo kila badiliko huandikwa pamoja na tarehe yake, ili kosa liweze kutenguliwa. Aidha, si kila habari ni ya hadhara: mifereji na ionekane na wote, lakini maradhi na kipato cha mtu ni siri yake.

Zoezi: Wanafunzi wachore ramani ya mifereji ya mtaa wa shule yao, wailinganishe na ile iliyomo katika mtandao, kisha waorodheshe tofauti watakazoziona. Kila tofauti ichunguzwe kwa kwenda mahali penyewe.