Mkandaji na Siku Zinazofuata

Maradhi ya mgongo hayabishi hodi. Mwaka jana, msimu wa kusi, niliinama kisimani hapa Msambweni kuvuta ndoo ya maji. Kiuno kikakaza ghafla, ndoo ikarudi chini, nami nikabaki vile vile kama mtu aliyerukuu. Jirani zangu wakanishika huku na huku, wakanipeleka kwa bibi mmoja mkandaji ambaye sifa za mkono wake zimefika hadi Gazi.

Nilidhani atanilaza aanze kuchua. Wapi!

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umeanguka ama umeinama?"

"Nimeinama."

"Miguu ina ganzi? Haja ndogo yatoka vyema?"

Niliona haya, mtu mzima na mvi zangu, kuulizwa mambo ya msalani mbele ya watu. Nikajibu kuwa sina taabu hiyo. Akanisimamisha, akayatazama mabega yangu, akaniambia nitembee hatua chache. Ndipo akanilaza kifudifudi mkekani na kutia mafuta ya nazi viganjani.

Hajamaliza, tukasikia kelele uani. Vijana walikuwa wamembeba mgema aliyeanguka mnazini, wakitaka bibi amnyooshe mgongo. Bibi akamwambia mgonjwa achezeshe vidole vya miguu. Vya mguu mmoja vilikataa. "Huyu si wa mkono wangu," akasema. "Msimkalishe, msimkunje. Ng'oeni ule mlango, mlazeni juu yake, apelekwe hospitali." Jamaa wakafoka, mmoja akamwita mchoyo wa dawa. Bibi hakumjibu. Hospitalini ikaonekana kuwa pingili ya uti wa mgongo imevunjika. Leo mgema yule anatembea kwa mkongojo. Kama angechuliwa jioni ile, sijui kama angetembea.

Kazi hii ya mkono ina ndugu mbali na hapa. Huko Marekani, mwaka 1874, daktari Andrew Taylor Still alitangaza tiba aliyoiita osteopathi, na mwaka 1892 akafungua chuo chake Kirksville, jimbo la Missouri. Mwaka 1917 ikapata chuo London, na mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo wa mafunzo yake. Lakini mikono ilitangulia vyuo. Waarabu huita kuunga mfupa jabr, na neno hilo ndilo lililozaa aljebra ya wanahesabu. Nasi neno letu mganga limetokana na kuganga, yaani kufunga na kuunga kilichovunjika. Na vijiti vya kunyooshea mfupa ni magango.

Basi ukienda kwa mtaalamu wa osteopathi, utarajie yale yale ya bibi. Atakuuliza kazi yako na maradhi uliyowahi kuugua. Atakutazama ukisimama na ukiinama. Kisha atakanda misuli, atavuta viungo taratibu, na pengine utasikia "ta!" Usishtuke. Hiyo ni hewa katika ute wa kiungo, wala si mfupa uliorudi mahali pake. Shingo ni jambo jingine: kuizungusha kwa ghafla kunaweza, ingawa ni nadra, kuumiza mishipa ipelekayo damu ubongoni. Una haki ya kukataa.

Kesho yake utaumwa kama aliyelima siku nzima. Ni kawaida, na maumivu hayo hupungua kwa siku moja au mbili. Kitambaa cha maji ya moto husaidia. Usijilaze kitandani wiki nzima, maana mgongo hupona kwa kutembea kidogo kidogo. Ukiokota kitu, kunja magoti, nao mzigo uukumbatie karibu na kifua.

Haya nayasema kwa kuwa niliyavunja. Bibi aliniambia, "Nusu ya kazi ni yangu, nusu ni yako." Siku ya tatu nikajiona nimepona, nikainua gunia la mbata. Nikarudi mkekani kwake siku ile ile, safari hii nikibebwa. Hakunikemea. Alisema tu kwamba maumivu yameondoka kabla nguvu hazijarudi. Ikanichukua wiki sita.

Wala tusidanganyane: mkono husaidia mgongo uliokaza, lakini hautibu kila kitu. Ikiwa mgongo unauma pamoja na homa, au umeanguka, au unakonda bila sababu, nenda hospitali. Na mguu ukilegea, mkojo ukikataa kutoka au ukitoka wenyewe, au ukipata ganzi mapajani na sehemu za siri, usingoje kupambazuke.

Swali lile lililonitia haya ndilo lililopambanua mgonjwa wa mkekani na mgonjwa wa hospitali. Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukifika kwa mkandaji, awe wa kijijini au wa hoteli za Diani, naye akataka kukugusa kabla hajakuuliza lolote, vaa viatu vyako urudi kwako.