Dereva wa Vifurushi: Amri Yatoka kwa Nani?

Askari yeyote aliyewahi kukabidhiwa gari la kazi anaijua desturi hii. Kabla ya kuliondosha kambini hulizunguka, akatazama matairi, akapima mafuta na maji, akajaribu taa na breki, kisha akaandika katika daftari la gari. Likiwa bovu haliondoki. Na kama limeondoka, aliyetoa ruhusa anajulikana kwa jina na kwa cheo chake. Huko Marekani wako madereva maelfu kwa maelfu ambao nao hulikagua gari kila asubuhi, ila daftari lao ni simu ya mkononi, na mkubwa wao wa kazi si rahisi kumtaja.

Hao ni madereva wanaogawa vifurushi vya kampuni ya Amazon majumbani mwa watu. Gari analoendesha dereva huyo lina nembo ya Amazon ubavuni. Sare aliyovaa ni ya Amazon. Njia atakayopita, nyumba ya kwanza hadi ya mwisho, imepangwa na mitambo ya Amazon na kutiwa ndani ya simu yake. Lakini mshahara wake hutoka kwa mkandarasi mdogo, ambaye kwa kawaida ana magari kati ya 20 na 40. Mpango huo ulianza mwaka 2018, kampuni ilipowaalika watu wenye mtaji wa kuanzia dola 10,000 wafungue vikampuni vya kuigawia mizigo. Mkandarasi ndiye anayeajiri, ndiye anayefukuza, na dereva akiumia ndiye anayetajwa katika karatasi kuwa mwajiri. Naye akikosana na kampuni kubwa, mkataba wake huvunjwa.

Siku ya dereva huyo ni ndefu. Zamu huwa ya saa kumi hivi, na katika muda huo huweza kusimama mara 180 au zaidi na kukabidhi vifurushi vinavyokaribia 300. Hana utingo. Ni yeye anayeshika usukani, anayepekua nyuma ya gari, anayepanda ngazi za maghorofa na anayewakwepa mbwa. Mke aliyezoea kumwona mumewe akirudi kutoka doria amechoka hana haja ya kuelezwa jinsi mtu huyo anavyofika nyumbani jioni.

Kanuni za usalama hazikosekani. Tena ni nyingi. Programu maalumu iliyowekwa katika simu ilikuwa ikimpa dereva alama kwa namna anavyofunga breki, anavyoongeza mwendo na anavyokata kona, na ikiwa ameigusa simu huku gari likienda. Mwaka 2021 kampuni iliongeza kamera yenye macho manne, ambayo hutazama barabara, pande mbili za gari, na uso wa dereva mwenyewe. Akipiga miayo inamwona. Asipofunga mkanda inamwona. Akiikaribia mno gari iliyo mbele, inamkanya kwa sauti. Madereva walitakiwa kutia sahihi ya kukubali kupigwa picha hizo, na asiyekubali hakuwa na kazi.

Kufunga mkanda ni jambo jema, na polisi wa barabarani watakuwa wa kwanza kusema hivyo. Shida ni kwamba kanuni zimewekwa upande mmoja na hesabu ya vifurushi imewekwa upande mwingine, na mtu mmoja anatakiwa kuzitimiza zote mbili kwa saa zile zile. Mwaka huo huo wa 2021 waandishi wa habari wa Marekani walifichua kwamba baadhi ya wakandarasi waliwaagiza madereva wao waizime ile programu ya alama, ili waweze kwenda mbio na kumaliza mzigo. Wengine waliambiwa waandike katika ukaguzi wa asubuhi kwamba gari ni zima hata kama lina kasoro, kwa sababu gari likiandikwa bovu huondolewa barabarani, na mkandarasi hupoteza njia ya siku hiyo. Amazon ilijibu kwamba matendo hayo yanapingana na maagizo yake. Huenda ndivyo. Lakini idadi ya vifurushi haikupangwa na mkandarasi.

Hata haja ndogo imekuwa suala la kitaifa. Machi 2021 mbunge mmoja wa Marekani, Mark Pocan, alisema hadharani kwamba wafanyakazi wa Amazon hulazimika kukojoa ndani ya chupa. Kampuni ilimjibu kwa kejeli. Siku chache baadaye, mwanzoni mwa Aprili, ikamwomba radhi na kukiri kwamba madereva hupata taabu ya kupata choo wakiwa njiani. Ni aibu kulitaja jambo hilo katika gazeti linalosomwa na familia nzima, lakini aibu kubwa zaidi ni ya mtu mzima, pengine mama wa watoto, anayetafuta pa kujisitiri ndani ya gari lenye kamera.

Usiku wa tarehe 10 Desemba 2021 upepo mkali wa kimbunga ulilipiga ghala la Amazon katika mji wa Edwardsville, jimbo la Illinois. Watu sita walikufa, na wengi wao walikuwa madereva wa mkataba. Wakaguzi wa serikali walipochunguza walikuta kwamba kipaza sauti cha kuwatangazia watu wajifiche kilikuwa kimefungiwa mahali ambapo hakikuweza kuchukuliwa upesi, na baadhi ya wafanyakazi hawakukumbuka chumba cha kujikinga kilikuwa wapi. Aprili 2022 wakaguzi hao waliiandikia kampuni barua ya onyo. Faini haikutozwa.

Jioni hiyo hiyo, katika sehemu nyingine ya Illinois, dereva mmoja wa kike alikuwa barabarani na mzigo wake. Ving'ora vya hatari vilikuwa vikilia. Alimwandikia msimamizi wake kwa simu akitaka kurudi. Akajibiwa aendelee kugawa, kwani walikuwa wakingoja neno kutoka Amazon. Alipozidi kuomba, aliambiwa kwamba kurudi na vifurushi kutahesabiwa kuwa amekataa kazi, na kesho yake hatakuwa na ajira. Dereva akajibu kwamba wanataka kuligeuza gari lile kuwa jeneza lake. Maandishi hayo yalipochapishwa, Amazon ilisema kwamba msimamizi alikosea, na kwamba alipaswa kumwamuru dereva atafute mahali pa kujikinga mara moja. Msimamizi aliajiriwa na mkandarasi. Aliyekuwa akingojwa kutoa neno ni kampuni. Jeshini, ofisa aliyengojwa asiseme kitu huulizwa alikuwa wapi.

Swali hilo ndilo walilolipeleka madereva 84 wa mkandarasi mmoja wa Palmdale, California, mji ulio ukingoni mwa jangwa la Mojave, ambako wakati wa kiangazi sehemu ya nyuma ya gari huwa kama tanuri la mkate. Mwaka 2023 walijiunga na chama cha wafanyakazi cha Teamsters, wakidai malipo bora na kinga dhidi ya joto. Mkandarasi wao alikubali kujadiliana nao. Amazon ilisema haihusiki, na kwamba mkataba wa mkandarasi huyo ulikuwa umekwisha vunjwa kwa makosa yake mengine. Madereva wakaenda kusimama na mabango nje ya ghala.

Agosti 2024 ofisi ya Los Angeles ya bodi ya serikali inayosimamia mahusiano ya kazi iliona kwamba Amazon ni mwajiri wao pamoja na mkandarasi. Kampuni ilipinga. Desemba 2024, siku chache kabla ya Krismasi, vifurushi vilipokuwa vingi kuliko wakati wowote wa mwaka, madereva wa miji kadhaa waligoma. Bado Amazon ilishikilia kwamba hao si wafanyakazi wake.