Dhoruba ya Usiku Hutabiriwa Mchana

Mvuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria huingia kazini wakati watu wa ofisini wanarudi nyumbani. Hutafuta giza, kwa kuwa dagaa huifuata taa pale mwezi usipowaka. Kwa bahati mbaya, ziwa nalo lina zamu ya usiku.

Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, upepo ukavuma kutoka ziwani, na mvua za radi zikanyesha vijijini. Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa, maji hubaki na nyuzi 24 au 25 hivi, na pepo za pande zote huelekea katikati ya ziwa, zikakutana na kuisukuma juu hewa yenye unyevu. Juu ya ziwa la karibu kilomita za mraba 68,800, unyevu haukosi. Wingu likikomaa, matone yanayokauka na barafu inayoyeyuka huipoza hewa iliyomo. Hewa baridi ni nzito. Huporomoka, ikigonga maji husambaa kwa nguvu. Huo ndio upepo unaopindua mtumbwi, na mara nyingi huitangulia mvua.

Mwaka 2016 watafiti wakiongozwa na Wim Thiery walionyesha kuwa dhoruba za alasiri nchi kavu ni dokezo la dhoruba kali za usiku ziwani. Setilaiti huyaona mawingu hayo jua lingali juu. Rada, kama ile ya Mwanza, huona kwa undani zaidi, ila huona kilichokwisha kuanza. Aliye mbali na mwalo, mkononi ana kasia, haimfai sana.

Ndiyo maana hoja ya wanaotaka mitambo zaidi, kama rada, naikubali nusu. Kikomo cha mtabiri si saa ya dhoruba kupiga. Ni saa ya boti kuondoka. Mradi wa HIGHWAY, chini ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani, ulisaidia taarifa za wavuvi ziandikwe upya baada ya wavuvi wenyewe kusikilizwa. Sababu ipo: “Mvua na ngurumo katika baadhi ya maeneo” ni sentensi ambayo haijawahi kukosea, wala kumzuia mtu asiende ziwani.

Nchi kavu kuna ugumu wa namna nyingine. Usiku wa Machi 3, 2015, mvua ya mawe na upepo viliishukia Mwakata, wilayani Kahama. Watu wasiopungua 38 walikufa. Mvua ya mawe hupiga ukanda mwembamba, na hakuna mtabiri atakayekitaja kijiji saa 10 alasiri. Ataje mkoa, aseme “usiku huu”, aseme “upepo wa kuangusha kuta”. Mzazi anaujua ukuta wake wenye ufa. Atawahamisha watoto kabla hawajalala.