‘Na’ Yetu Moja, Vihusishi Vyao Vingi

Katika barua za kuomba kazi zinazoandikwa kwa Kiingereza hapa kwetu, kuna sentensi inayojirudia: “I am interested with this position.” Msamiati wake ni sahihi na tahajia haina kasoro, ila “with” imekalia kiti cha “in”. Aliyeiandika si mvivu. Kichwani alikuwa na “navutiwa na nafasi hii”, akaihamisha “na” kama ilivyo. Kosa lake lina chanzo, na kosa lenye chanzo kinachojulikana linaweza kuzuiwa kabla halijafika kwenye karatasi.

Wanafunzi huambiwa mara nyingi kwamba vihusishi vinavyofuata vivumishi vya Kiingereza havina kanuni, ni vya kukariri tu. Upande wa Kiingereza, hilo lina ukweli mwingi. Lakini upande wa Kiswahili, mahali tunapoteleza ni pachache, na mtu akipajua, mzigo wa kukariri unapungua.

Tuanze na hiyo “na”. Neno hili hubeba kazi ambazo Kiingereza huzigawa kwa maneno kadhaa. Huunganisha, kama baba na mama. Humtaja mtenda, kama ameumwa na nyoka. Hulinganisha na kutofautisha: sawa na, tofauti na. Hueleza masafa, yawe mafupi au marefu: karibu na, mbali na. Mwingereza atasema “similar to”, “different from”, “close to”, “far from”. Sisi, tukitafuta neno moja la kuziba nafasi zote hizo, mkono unakwenda kwenye “with”. Ubaya ni kwamba mara nyingine tunapatia. Kuridhika na ni “satisfied with”, kupendezwa na ni “pleased with”, kushughulika na ni “busy with”. Mtu akishapatia mara tatu, ya nne huandika “married with” bila wasiwasi wowote.

Kwenye ndoa, kwetu mwanamume huoa na mwanamke huolewa na fulani. Kiingereza kina kivumishi kimoja kwa wote wawili, na kihusishi chake ni “to”: “She is married to a teacher.” Ukikutana na “She is married with two children”, usiisahihishe. Maana yake ni kwamba mama huyo ana mume, na pia ana watoto wawili.

Mahali pa pili pa kuteleza ni pale ambapo Kiswahili hakina kihusishi chochote. Mambo mengi ambayo Kiingereza huyaeleza kwa kivumishi, sisi huyaeleza kwa kitenzi. Tunaogopa nyoka, tunazoea baridi, tunajivunia watoto wetu, pipa linajaa maji. Uhusiano kati ya hisia na kinachoiamsha umo ndani ya kitenzi chenyewe, na mara nyingi hubebwa na kauli ya kutendea: jivunia, kasirikia, furahia. Kiingereza huutoa uhusiano huo nje na kuupa neno lake: “afraid of snakes”, “used to the cold”, “proud of our children”, “full of water”. Anayefikiri kwa Kiswahili haoni pengo lolote, hivyo huliacha wazi au hulijaza kwa kubahatisha.

Katika kundi hili “of” ina himaya kubwa: “afraid”, “proud”, “full”, “aware”, “fond”, “jealous”, “ashamed”, “capable”, vyote hufuatwa nayo. Historia inaeleza sehemu ya jambo hilo. Kiingereza cha kale kilikuwa na viambishi mwishoni mwa nomino vilivyoonyesha uhusiano wake na maneno mengine, na kivumishi “full” kilitaka nomino yake ichukue umbo la umilikaji. Viambishi hivyo vilipopukutika katika karne za kati, “of” ilirithi sehemu kubwa ya kazi yake.

Tatu, kuna ustadi. Kwetu mtu ni hodari wa hesabu, au yuko vizuri katika hesabu, na ndipo “good in mathematics” inapozaliwa. Kihusishi cha kawaida cha ustadi ni “at”, na hakibagui kati ya bingwa na mbumbumbu: “good at”, “brilliant at”, “bad at”, “hopeless at”.

Sehemu ngumu zaidi ni pale kivumishi kimoja kinapobadili maana kwa kubadili kihusishi. Mtu akiwa “good at cooking”, anajua kupika. Akiwa “good with children”, anajua kuishi na watoto. Mchicha ni “good for you”, una faida mwilini. Jirani akiwa “good to you”, anakutendea wema. Waziri wa nchi yenye Bunge ni “responsible to Parliament”, maana huko ndiko anakohojiwa, na ni “responsible for” wizara yake, maana hiyo ndiyo aliyokabidhiwa. Kiswahili kinaweza kutumia “anawajibika kwa” pande zote mbili na muktadha ukamaliza kazi. Kiingereza hakimwachii msomaji hiari hiyo.

Kuna mtego mwingine unaojitokeza sentensi inapogeuzwa. Sisi husema “kazi ninayovutiwa nayo”. Ile “na” haibaki peke yake. Hushikamana na kiwakilishi kinachorejelea kazi. Kiingereza hukiacha kihusishi mwishoni mwa kishazi kikiwa kitupu: “the job I am interested in”. Mwanafunzi wetu huongeza “it”, kwa sababu sikio lake linadai ile “yo” ya nayo. Kwenye maswali hutokea kinyume chake. “Unaogopa nini?” haina kihusishi, basi “What are you afraid of?” hunyang’anywa “of” yake.

Kitenzi kikifuata kihusishi, nacho huvaa “-ing”. Kwetu “kuamka” hutumika kama nomino na kama kitenzi bila kubadilika, kwa hiyo “capable of do” na “used to wake” hutoka kirahisi. Hiyo ya pili ni hatari zaidi. “I am used to waking early” ni kusema umezoea kudamka. “I used to wake early” ni kusema zamani ulikuwa unadamka, na sasa umeacha.

Haya yote yanaonyesha kwa nini kukariri maana ya neno peke yake hakutoshi. Aliyelielewa hilo vizuri ni Mwingereza A. S. Hornby, aliyekwenda Japani mwaka 1924 kufundisha fasihi ya Kiingereza, kisha akageukia ufundishaji wa lugha yenyewe. Yeye pamoja na E. V. Gatenby na H. Wakefield walitunga kamusi iliyomwonyesha mwanafunzi jinsi neno linavyokaa ndani ya sentensi. Ilichapishwa Tokyo mwaka 1942, vita vikiwa vimepamba moto. Oxford University Press iliitoa upya mwaka 1948, na kutoka hapo ikakua kuwa Oxford Advanced Learner’s Dictionary inayojulikana leo. Ukiifungua kwenye kivumishi, utaona kihusishi chake kimeandikwa pembeni. Wengi wetu huisoma maana, tukafunga kitabu.

Njia inayofaa ni kujifunza kivumishi na kihusishi chake kama msamiati mmoja. Usiandike “afraid” daftarini. Andika “afraid of”, kisha utunge sentensi ya kweli kuhusu maisha yako. Ukurasa mmoja uwe wa “of”, mwingine wa “at”, mwingine wa “to”. Kwenye ukurasa wa “to” weka pamoja “senior”, “junior”, “superior” na “inferior”, maneno ya Kilatini ambayo, ingawa yanalinganisha, hayapendi “than”.

Wala wenye Kiingereza chao wenyewe hawakubaliani kila mahali. Waingereza wengi husema “different to”, Wamarekani wengi “different than”, na “different from” hupokewa kote. Mwaka 1926 H. W. Fowler, katika kamusi yake ya matumizi ya Kiingereza, aliiita ushirikina ile imani kwamba “to” haiwezi kufuata “different”. Kwa hiyo usipoteze usingizi kwa kila kihusishi. Mtu wa “interested with” ataeleweka, hata kama mwajiri atakunja uso kidogo. Jozi za kuanza nazo ni zile zinazogeuza maana. Mfanyakazi aliyechoka kwa shughuli za siku nzima, akitaka kusema “tired from work”, akateleza na kumwambia bosi wake “I am tired of work”, ametangaza kwamba kazi yenyewe imemchosha na haitaki tena. Bosi anayejua Kiingereza anaweza kuanza kutafuta mtu mwingine.